Bili ya Gereji ya Wakala Inatia Shaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Umepeleka gari kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza, ukapewa bili ambayo umeisoma mara tatu na bado haikuingii akilini. Maswali haya yamefuata mwendo wa jambo lenyewe: ukiwa bado kaunta, ukiwa umeshalipa, na ukiwa umekataliwa. Kama gari bado liko ndani ya gereji, soma manne ya kwanza sasa hivi. Mengine yatasubiri.

Nimeona jumla nimeshtuka. Nianzie wapi?

Achana na jumla kwanza. Ukisema "mbona ghali hivi?" utajibiwa kwamba spea ni za kampuni na mafundi wamesomea, na mazungumzo yataishia hapo. Omba karatasi mbili: ankara yenye mchanganuo wa kila spea na kila kazi, na nakala ya jobu kadi iliyofunguliwa siku ulipoleta gari. Kaa nazo pembeni, kalamu mkononi.

Jobu kadi iliyojazwa vizuri inaeleza mambo matatu kwa kila kazi: mteja alilalamikia nini, fundi alikuta chanzo gani, na alifanya nini. Mfano: "Gari linagonga mbele kushoto likipita kwenye tuta. Bushi ya mkono wa chini imechanika. Mkono umebadilishwa." Mstari huo unajitetea wenyewe, hata kama bei yake inauma. Sasa soma huu: "Gari linagonga mbele. Shokomzoba mbili, mikono miwili na stabilaiza linki zimebadilishwa." Chanzo kiko wapi? Hakipo. Huyo amebadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka mlio ukanyamaza, na wewe ndiye uliyelipia kila jaribio.

Piga mstari chini ya kila kazi isiyo na chanzo. Ugomvi wako wote utajengwa hapo. Bei ya wakala ni vigumu kuipinga kwa sababu aliiweka yeye na huenda uliikubali, lakini kazi isiyo na sababu hana pa kuiegemeza.

Bili imezidi makadirio niliyopewa. Wana haki hiyo?

Inategemea ulichosaini. Makadirio ni kisio, na bei iliyokubaliwa ni ahadi. Soma maneno yaliyo juu ya sahihi yako, hasa yale ya herufi ndogo. Baadhi ya sheria zimeweka kikomo: katika jimbo la Ontario nchini Kanada, kwa mfano, gereji iliyotoa makadirio hairuhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake. Pengine hakuna kikomo kama hicho, na kinachobaki ni kanuni ya kawaida ya mkataba: kazi ambayo hukuiagiza hudaiwi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: "Nani aliidhinisha ongezeko hili, tarehe gani, saa ngapi, kwa njia gani?" Gereji makini inaandika kwenye jobu kadi kila mara inapompigia mteja. Wakisema ulikubali kwa simu, angalia kumbukumbu za simu yako hapo hapo. Kama hakuna simu iliyoingia saa wanayotaja, sema hivyo na uwaonyeshe.

Kuna mtego mmoja ambao wengi tunajitega wenyewe. Ukiambiwa "kuna vitu vingine tumeviona" nawe ukajibu "sawa, fanyeni tu kinachohitajika", umewapa hundi tupu. Ukishalisema hilo, usidai kwamba hukuidhinisha. Dai kwamba kazi fulani haikuhitajika, na waache wao wathibitishe kuwa ilihitajika.

Wametoza ufundi wa saa tano, na gari limekaa kwenye jeki saa mbili. Si wizi huo?

Mara nyingi si wizi, na hapa ndipo watu wengi wanaingia na hoja mbovu. Gereji nyingi za mawakala hazihesabu saa za ukutani. Zina kitabu cha muda kinachosema kazi fulani inastahili saa fulani. Fundi mwepesi akimaliza mapema unalipa saa za kitabu, na akichelewa kwa uzembe wake pia unalipa hizo hizo. Mfumo huo ukielezwa kabla ya kazi, ni halali katika nchi nyingi.

Kinachostahili kupingwa ni kazi zinazolaliana. Chukua gari ambalo pampu yake ya maji imekaa nyuma ya taimingi belti. Kitabu kinaipa belti saa zake, na pampu saa zake, na saa za pampu zinajumlisha kufungua belti hiyo hiyo. Zikifanywa siku moja, fundi amefungua mara moja tu. Bili inayotoza saa kamili za belti na kisha saa kamili za pampu imekutoza mlango uleule mara mbili. Hali ni hiyo kwa beringi ya tairi na ekseli ya upande mmoja, au diski na pedi za breki. Omba wakuonyeshe saa za kitabu kwa kazi zote mbili zikiunganishwa, kwa sababu vitabu hivyo huwa na maelezo ya kupunguza muda kazi zinapofuatana. Swali hili huwa linamnyanyua mtu wa kaunta kwenda kumwita meneja, kwa kuwa si la mtu asiyejua kinachoendelea.

Angalia pia malipo ya kupima gari. Wengine huyatoza, kisha huyafuta mteja akikubali matengenezo. Kama uliambiwa hivyo na bado yamo kwenye bili, yaondolewe.

Hawanipi ufunguo mpaka nilipe. Nilipe, au nigome?

Katika nchi nyingi aliyetengeneza mali ana haki ya kuishikilia mpaka alipwe. Ukigoma, gari linabaki kwao, na huenda ada ya maegesho ikaanza kuhesabiwa kila siku. Kulichukua usiku kwa ufunguo wa akiba ni kujitafutia kesi ya jinai kwa gari lako mwenyewe. Kuandika hundi na kisha kuizuia benki nako kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Kama unalihitaji gari, lipa huku ukipinga. Kabla ya kutoa fedha, andika kwa mkono kwenye nakala yao na yako: "Nalipa kwa kupinga, ili nipewe gari langu. Sikubaliani na kazi namba 3 na 5. Sijaacha haki yangu ya kudai." Weka tarehe na sahihi. Wakikukataza kuandika kwenye karatasi yao, watumie ujumbe wenye maneno hayo ukiwa umesimama pale pale, kisha ulipe. Lipa kwa kadi kama unaweza. Sababu inakuja huko mbele.

Kabla ya hapo jaribu pendekezo moja: lipa mistari usiyobishania, na iliyobaki izungumzwe. Meneja mwenye busara hukubali, maana asilimia 70 mkononi leo ni bora kuliko ugomvi wa miezi mitatu.

Spea za zamani ni zangu au zao?

Ziombe siku unapoleta gari, na iandikwe kwenye jobu kadi. Baadhi ya sheria zinailazimisha gereji kuzirudisha. Isipokuwa ni zile zinazotengenezwa upya kiwandani, kama alteneta, stata au rak ya usukani, ambazo gereji huzirudisha kwa msambazaji na kupunguziwa bei, na zile zilizobadilishwa kwa waranti, ambazo kampuni huzitaka. Hata hizo omba uzione na uzipige picha.

Mimi nilishindwa hoja yangu ya kwanza kwa sababu hii. Nilikuwa na uhakika pedi zangu za breki zilikuwa na maisha bado, lakini nilikuwa nimeondoka bila kuziomba. Siku mbili baadaye nikaambiwa zimeshatupwa, na hakukuwa na la kujadili.

Nitajuaje kama walichoandika kimefanyika kweli?

Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kitabu cha gari na subira.

Anza na oili. Kitabu kinataja ujazo wa injini yako pamoja na filta. Kama injini inachukua lita 4.2 na umetozwa lita 6, uliza lita moja na nukta nane zimekwenda wapi. Oili ikimwagwa kutoka pipani inapaswa kutozwa kwa kilichomwagwa. Kisha plagi: hesabu silinda zako. Injini ya silinda tatu haina sababu ya kulipia plagi nne, ingawa zipo injini chache zenye plagi mbili kwa kila silinda, kwa hiyo thibitisha kabla ya kupaza sauti.

Breki zina ushahidi mzuri kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, kwa sababu zinapimika. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, na mafundi wengi hushauri kuzibadilisha zikifika karibu 3. Diski nayo huwa imechongwa unene wake wa chini kabisa kwenye ukingo au kwenye kitovu. Gereji iliyobadilisha diski ilipaswa kuzipima. Omba kipimo. Jibu la "zilikuwa zimeisha" halina namba ndani yake.

Betri pia hupimwa. Ikiwa imejaa na imepumzika husoma kama volti 12.6. Mashine za kupimia hutoa karatasi, nawe unayo haki ya kuiona. Spea ina namba ya kampuni kwenye ankara; ilinganishe na iliyochapwa kwenye spea iliyofungwa, pale inapoonekana. Ukikuta vumbi la zamani na nati zisizo na alama ya spana, piga picha kabla hujaosha gari.

Usisahau kilomita. Jobu kadi inapaswa kuonyesha zilizokuwepo gari lilipoingia na lilipotoka. Kama wametoza majaribio ya barabarani ili kutafuta mlio, na kilomita zimesonga moja, majaribio yalifanyika wapi?

Mwisho, mstari ule wa "vifaa vidogo vidogo", yaani vitambaa, grisi na dawa ya kusafishia. Baadhi ya gereji huuweka kama asilimia ya ufundi bila kujali kilichotumika. Kama haukutajwa kabla, ni rahisi kuufuta ukiuliza.

Wanasema kompyuta ndiyo iliyoonyesha spea hiyo imekufa.

Kompyuta ya gari haisemi spea gani imekufa. Inasema kipimo fulani kimetoka nje ya mipaka. Msimbo P0420 unaeleza kwamba masega ya sailensa hayasafishi moshi kama inavyotarajiwa. Sababu inaweza kuwa masega yenyewe, na inaweza kuwa sailensa inayovuja, sensa ya oksijeni iliyochoka, au injini inayochoma vibaya na kuyaharibu. P0300 ni injini kukosa moto kwenye silinda zisizotabirika: plagi, koili, nozeli, mgandamizo, hewa inayoingia kusikostahili. Msimbo ni mwanzo wa uchunguzi, na ulilipia uchunguzi.

Waulize: "Mlipima nini baada ya kusoma msimbo?" Aliyepima atakuonyesha. Asiyepima atarudia kutaja msimbo.

Tahadhari: taa ya injini kwenye dashibodi ikirudi kuwaka, usiruhusu mtu aifute kwa mashine, wala usichomoe betri. Pamoja na msimbo, kompyuta hutunza picha ya hali ilivyokuwa wakati ule, kama mzunguko wa injini, joto na mwendo. Ukifuta, umechoma ushahidi wako.

Nimelipa, na ubovu uleule umerudi wiki ya pili.

Hili ndilo shauri jepesi kuliko yote, ilimradi usilivuruge. Warudishie wao kwanza, na kwa maandishi. Usikimbilie kwa fundi mwingine akafungua, kwa maana wakala atasema mkono wa mwingine ndio ulioharibu. Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, na isipofanywa hivyo mteja anaweza kudai kazi irudiwe au apunguziwe bei. Nchi nyingine nyingi zina kanuni inayofanana.

Kataa kufunguliwa jobu kadi mpya yenye lalamiko jipya. Iandikwe: "Ubovu uleule, marejeo ya kadi namba fulani." Kadi mpya isiyo na marejeo inageuza kosa lao kuwa biashara nyingine. Tena chambua risiti zako za nyuma: spea waliyokubadilishia mwaka jana huenda ina waranti yake, hata kama waranti ya gari imeisha.

Wamekataa waranti kwa kuwa oili nilibadilisha kwingine.

Waulize oili hiyo imesababishaje ubovu huu. Kama kilichokufa ni mota ya kioo cha dirisha, hakuna uhusiano. Marekani ina sheria ya tangu 1975, Magnuson-Moss, inayokataza kampuni kukulazimisha kutumia spea au huduma zake kama sharti la waranti, isipokuwa zitolewe bure. Ulaya pia kanuni za ushindani zinamlinda mwenye gari anayehudumiwa na gereji huru. Unachodaiwa ni kuonyesha kwamba huduma ilifanyika kwa wakati na kwa oili ya daraja linalotajwa kwenye kitabu, kwa hiyo tunza risiti hata za fundi wa mtaani.

Kabla ya kulipia ubovu wowote mkubwa, peleka namba ya chasisi kwa kampuni yenyewe uulize kama kuna mwito wa kurudisha magari ya toleo lako. Matengenezo ya mwito huo kwa kawaida ni bure kwa mwenye gari. Na kama waranti imepita kwa wiki chache tu, omba kampuni ichangie kwa hisani. Mawakala hawalitangazi, lakini huwa linawezekana, hasa kwa mteja ambaye huduma zake zote ziko kwenye kumbukumbu zao.

Fundi wa pili ana uzito gani?

Mkubwa, kama anaandika. Fundi anayesema "umepigwa" huku anacheka hakusaidii kitu. Unataka karatasi yenye jina la gereji yake, tarehe, namba ya chasisi, kilomita, alichopima na namba alizopata, pamoja na picha. Mlipe kwa ukaguzi tu, na asiahidiwe kazi, ili wakala asiseme alikuwa anatafuta mteja. Asifungue chochote kabla wakala hajapewa nafasi ya kuja kuangalia.

Barua ya malalamiko iandikweje?

Fupi, kavu, bila matusi. Aitwe meneja wa huduma kwa cheo chake, nakala kwa mkuu wa tawi. Kitu kama hiki:

"Ndugu Meneja, tarehe 4 nilileta gari lenye namba ya chasisi iliyo hapo juu kwa lalamiko moja: mlio mbele kushoto. Nililipa kwa kupinga, kama inavyoonekana kwenye ankara. Ninapinga mistari miwili. Kwanza, kazi namba 3, shokomzoba mbili: jobu kadi haionyeshi chanzo wala kipimo, na mlio haukuisha mpaka bushi ilipobadilishwa. Pili, kazi namba 5: sikuidhinisha, na hakuna simu iliyoingia kwangu siku hiyo. Naomba nirejeshewe fedha za mistari hiyo miwili ndani ya siku 14 kutoka leo. Nimeambatisha ankara, jobu kadi, picha sita na ripoti ya ukaguzi. Nakaribisha fundi wenu alikague gari kwa miadi."

Angalia kwamba inadai kiasi mahususi na muda mahususi. Barua inayosema "sijaridhishwa na huduma zenu" hujibiwa kwa pole. Kila mkizungumza kwa simu, tuma baadaye ujumbe: "Kama tulivyozungumza leo saa 5 asubuhi, umesema..." Asipokanusha, umepata shahidi.

Nililipa kwa kadi. Benki inaweza kunirudishia?

Inaweza, na ndiyo maana nilisema lipa kwa kadi. Benki itataka kuona kwamba ulijaribu kumaliza na wakala, kwa hiyo barua itangulie. Muda ni mfupi: Marekani, kwa mfano, hoja ya kosa la bili kwenye kadi ya mkopo hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu ilipotumwa taarifa ya akaunti iliyoonyesha tozo hilo kwa mara ya kwanza. Soma masharti ya kadi yako leo. Pinga mistari yenye shaka tu. Anayepinga bili nzima ilhali gari linatembea anaonekana tapeli.

Wamenyamaza. Niende wapi?

Meneja wa huduma, kisha mkuu wa tawi, kisha dawati la wateja la kampuni iliyotengeneza gari. Wakala huwa ni biashara inayojitegemea, lakini jina la mlangoni ni la kampuni, na kampuni hufuatilia malalamiko. Baada ya hapo ni mamlaka ya kulinda walaji, chama cha wenye gereji kama kina usuluhishi, na mahakama ya madai madogo, ambako nchi nyingi hazikulazimishi kuwa na wakili.

Kuandika mtandaoni? Subiri siku zako 14 zipite. Ukiandika, andika kilichotokea na uache kuwaita wezi. Neno hilo moja linaweza kukupeleka mahakamani wewe.

Na kama ni mimi niliyekosea?

Hutokea. Gari kuukuu likifunguliwa hufichua mengine, na nati iliyoshikwa na kutu inaweza kukatika mikononi mwa fundi bora kabisa. Kama kila mstari una chanzo, kipimo na idhini yako, bili ni ghali tu, na ghali haidaiwi. Mwambie mtu wa kaunta ahsante na uondoke, huenda ukamhitaji.

Wamenipa vocha ya huduma ya bure na karatasi ya kusaini.

Isome karatasi kabla ya vocha. Mara nyingi imeandikwa kwamba umeridhika kabisa na huna dai lingine, la sasa wala la baadaye. Vocha ya kumwaga oili kwa gia boksi uliyolipia bila sababu ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama kiasi wanachotoa kinakaribia mistari uliyoipinga, na ni fedha, kipokee na usaini. Kama sivyo, irudishe karatasi bila sahihi, chukua nakala yake, na uandike nyuma tarehe na jina la aliyekupa.